Shimo la Constance Mwezini

Ijumaa, 27 Juni

Nimeropoka. Jioni kwenye mkutano wa jumuiya ya parokia, hapa Kampemba, Lubumbashi, wanaume tuliulizwa tutawapa wake zetu nini siku ya jubilei ya ndoa. Misa ni tarehe 6 Julai. Mmoja akasema kitenge, mwingine mbuzi. Mimi nikasimama, nikasema mke wangu Constance atapata shimo mwezini, lenye jina lake. Miaka ishirini na tano! Kitenge kingetosha vipi? Watu wakapiga makofi. Constance akatazama viatu vyake.

Jambo lenyewe linawezekana. Mawe ya angani hugonga mwezi mara kwa mara, kwa kuwa huko hakuna hewa ya kuyaunguza njiani. Jiwe likigonga, hutoa mwanga kidogo na kuacha shimo. Mwanga huo huonekana upande wenye giza, mwezi ukiwa mwembamba kama sasa. Kuna kundi la watafiti huko ng'ambo wanaoandika majina ya walioona. Darubini ninayo, nimeiunda kwa bomba la maji. Simu ya kunasia video ninayo. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Limebaki jiwe tu.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeona mwanga! Saa moja na dakika tano jioni. Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka. Ilikuwa tochi ya Constance, akimtafuta kuku juu ya ukuta.

Nikasoma masharti. Mtazamaji mmoja hatoshi. Lazima wawe wawili, mahali tofauti, waone mwanga uleule kwa wakati uleule, isije ikawa ni satelaiti imemeremeta. Basi nikampigia shemeji Chance, aliye Kilwa kule ziwani, nikamwomba aandike kwamba naye aliona, saa moja na dakika tano. Tochi nikaisahau kwa makusudi. Chance ni mtu mwema. Aliandika mara moja. Aliandika kwamba mwanga ulidumu nusu saa na wavuvi wakapata kushona nyavu zao. Watafiti wamejibu kwa adabu kwamba mwanga wa namna hiyo hauzidi sekunde moja.

Jumapili, 29 Juni

Imebidi nimwendee Kalenga. Inaniuma hata kuandika. Kalenga alikuwa fundi wa maabara mgodini. Sasa amestaafu, anakaa mtaa wa Karavia, upande wa pili wa mji, ana darubini ya dukani. Zamani aliimba kwaya moja na Constance, na alikuwa akimbebea kitabu cha nyimbo. Sijasahau. Tulikwenda baada ya misa, nikamwomba tutazame pamoja kesho, yeye kwake, mimi kwangu. Akakubali haraka mno. Kisha akamweleza Constance, mbele yangu, kwamba kwa kawaida mashimo ya mwezini hupewa majina ya marehemu.

Tulipofika nyumbani Constance akaniita kwa jina la mtoto wetu, akasema: « Papa Léa, basi weye unangojea nikufe mbele ya jubilé? »

Nikamjibu kwamba hakuna anayetaka afe kabla ya jubilei, huo ni utaratibu tu. Haikusaidia.

Jumatatu, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Moshi wa nyama za majirani kila upande, lakini mwezi ulikuwa safi. Simu nimeifunga kwenye darubini, inanasa. Kila kitu tayari. Saa moja kasorobo nikawaza: ripoti itamtaja nani kwanza? Jambo hilo haliwezi kungoja. Nikachomoa simu nimpigie Kalenga. Nikamweka Constance kwenye lenzi, nikamwambia asipepese, nikageukia ukuta ili nibishane vizuri. Kalenga akasema jina lake litangulie kwa kuwa darubini yake ndiyo kubwa. Nilikuwa katikati ya jibu kali niliposikia sauti ndogo nyuma yangu: « Kamewaka. Kamezima. »

Kalenga naye akaacha ubishi ghafla. Halafu akaniomba nimpe Constance simu, na nisimwambie chochote. Akamuuliza ni wapi. Constance akasema chini, kushoto, karibu na ukingo. Video ya Kalenga inaonyesha hapohapo, wakati uleule.

Mimi niliona ukuta.

Ijumaa, 4 Julai

Jibu limekuja. Mwanga umekubaliwa. Jiwe huenda halikuzidi ngumi, na shimo huenda lina upana wa chumba chetu cha kulala. Walioona: Kalenga, Lubumbashi. Constance, Lubumbashi. Bega kwa bega, kama kwenye kwaya! Constance aliwaandikia waniongeze na mimi. Wakauliza niliona nini.

Tena wamesema shimo dogo namna hiyo halipewi jina. Basi nimeshindwa. Nikamwambia Constance kwamba nimemtia aibu mbele ya jumuiya nzima, nikalia kidogo, si sana. Yeye akatoa viti vyetu viwili vya plastiki uani, akaketi kimoja.

« Papa Léa, miye sikutafutaka shimo mu mwezi. Kila mangaribi uko na ile bomba yako. Nilitafutaka tu wikale hapa pembeni yangu. »

Nikaketi pembeni yake, kama alivyotaka. Mwezi ulikuwa umeshanenepa, hakuna cha kuchunguza. Tuliutazama tu. Mkono wake ulikuwa wa baridi, nikauingiza mfukoni mwa koti langu, ukakaa humo mpaka chakula kikapoa. Nampenda sana mwanamke huyu. Sasa nimeelewa kila kitu.

Jumapili, 6 Julai

Jubilei imepita salama. Nilikuwa nimemnunulia kitenge jana. Alipendeza hata nikasahau maneno ya ahadi, padri akanikumbusha mara mbili. Baada ya misa watu wakauliza habari za shimo. Constance akawajibu kwamba lipo, ameuona mwanga wake kwa macho yake, na aliyemweka kwenye darubini ni mumewe. Kalenga ndiye aliyeanza kupiga makofi. Nilijisikia vizuri kupita kiasi. Nikasimama, nikatangaza kwamba kwenye miaka thelathini Constance atapata mlima.

Mwezi mwembamba utarudi baada ya tarehe 24. Safari hii darubini haitatikisika, maana jioni hii nimegundua kwamba miguu ya kiti cha plastiki inatosha kabisa kuishikilia. Nimekwisha kuikata. Constance ametoka uani na shuka mbili za kujifunika, akasimama anatazama. Nimemwahidi kwamba kiti kilichobaki tutakikalia kwa zamu, na yeye ndiye ataanza.