Nilivyomposa Binti wa Watu Nikidhani Naagiza Chakula cha Mchana

Leo nimeaibika, tena nikiwa na tonge mdomoni.

Naandika mwenyewe, sasa hivi, kabla Baba Ciku hajawatumia toleo lake kwenye kundi la kwaya. Lake litakuwa na chumvi. Langu ni ukweli mtupu, na ukweli wenyewe unatosha kunimaliza.

Mnajua Julai ya Limuru. Ukungu unaingia mpaka jikoni. Nguo zinakaa kwenye kamba siku nne na ukizikamua bado zinatoa maji. Binti yetu Ciku alitukuta saa saba mchana tumejifunika blanketi moja, kila mmoja na sweta mbili, akasema hapana, wazazi wangu hawatafia hapa. Akatupangia siku tano Lamu. Miaka ishirini na nne ya ndoa, na safari zote tulizowahi kufanya pamoja mimi na Baba Ciku zilikuwa za mazishi. Kwa hiyo tulipotua Manda jana na kuvuka kwa boti hadi Amu, mji wenyewe wa Lamu, nilikuwa nimeshaamua. Nitavaa dera. Nitajifunga mtandio kichwani kama wenyeji. Nitakula kila kitu. Ruhusa sitaomba kwa mtu.

Leo asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Mwenye nyumba tuliyofikia alituambia kuna bibi mmoja mjini huwapikia wageni nyumbani kwake, na ameshampigia simu, tunangojwa saa saba. Akatupa jina la huyo bibi na akatuelekeza ndia. (Huku njia ni ndia. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka ishirini na sita, na hilo nimelijua jana.) Baba Ciku akaandika kila kitu kwenye simu yake. Yangu niliiacha chumbani inachaji.

Tulipofika ufukweni mbele ya mji, upepo ukachukua kofia ya Baba Ciku ukaitia majini. Si kofia ya maana. Ni ile ya kahawia anayovaa akikama ng'ombe. Lakini alisimama pale akiitazama inaelea kama mtu anayeaga maiti, kisha akaanza kuwabembeleza wenye boti wamwopolee. Nikamwambia kofia ziko nyingi. Akasema kama hiyo hakuna. Nikamwambia nina njaa. Akasema, basi tangulia.

Nikatangulia. (Hapo ndipo mngenishika mkono.)

Vichochoro vya mji huu havina huruma. Unapinda kona, unakutana na ukuta. Unapinda nyingine, unakutana na punda aliyebeba mchanga, na ni wewe unayempisha. Kwenye kona ya tatu jina la yule bibi likanitoka kichwani. Lilikuwa jina fupi, zuri, na limekwenda. Nikamsimamisha mama mmoja aliyekuwa anapita na kikapu. Nikamuuliza, nyumba inayongoja wageni wa bara leo mchana ni ipi?

Uso wake ukafunguka. Akasema si ile pale, wanawangojea tangu asubuhi. Akanisindikiza mpaka mlangoni na kunibishia hodi mwenyewe.

Sasa niambieni. Hapo kosa langu liko wapi?

Mlango ukafunguliwa na mwanamke mzee, mwembamba, miwani mikubwa. Jina lake ni Bi Mwanaisha, nililijua baadaye. Akanitazama, akasema, "Ndoo, ndoo mwanangu."

Nikaangalia chini kutafuta ndoo. Nilidhani kuna kunawa miguu. Nilipomuuliza iko wapi akacheka mpaka miwani ikashuka, akanivuta mkono. Ndoo ni njoo. (Miaka ishirini na sita, jamani.)

Ndani kulikuwa na wanawake watano, wamevaa vizuri mno, wamekaa kuzunguka mkeka mpya. Nikashangaa kidogo. Nikajiambia hawa ni wapishi, na hii ndiyo huduma ya Pwani mnayosikia ikisifiwa. Bi Mwanaisha akaniuliza, "Ndiyo wewe mgeni wetu wa bara?"

"Ndiyo mimi," nikasema.

Akaniuliza mbona peke yangu. Nikamweleza kwamba mwenzangu amebaki nyuma, anashughulikia kofia. Wakatazamana, wakatabasamu. Mmoja akasema mashaallah. Nikaona ajabu watu kufurahia kofia ya kukamia ng'ombe, lakini nilikuwa na njaa, sikufuatilia.

Wakanikalisha kwenye mto mkubwa. Wakanifukiza udi. Wakanibandika kikuba kifuani, kile kishada cha maua ya asumini, nikanukia kama bibi arusi. Halafu chakula kikaanza kuja. Wali wa nazi. Samaki wa kupaka, mzima, mkubwa kuliko paka wetu. Mkate wa mofa wa moto. Bokoboko, ambayo ni ngano na nyama vimepondwa mpaka vikawa kitu kimoja laini cha kumliza mtu. Waliobaki hawakula. Walinitazama mimi nikila. Nikafikiri ndivyo ilivyo desturi, mteja kwanza.

Na mimi, kama mteja, nikatoa maoni. Nikasema samaki ni mzuri sana, ila nazi kwenye wali imezidi kidogo.

Mama mmoja akaacha kujipepea.

Ndipo msichana aliyekuwa ameleta sinia akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kweli, imezidi, na yeye alikuwa na wasiwasi nayo tangu asubuhi. Alikuwa na miaka ishirini hivi, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko. Nikampenda papo hapo. Mpishi anayekubali kosa lake ni nadra. (Baba Ciku akiunguza chai husema ni sufuria.) Nikamuuliza jina. Salma. Nikamuuliza amejifunza wapi kupika. Kwa bibi yake, huyu Bi Mwanaisha. Nikamwambia anyooshe mgongo, asiogope watu, amefanya kazi nzuri. Nikaomba hata kuona jikoni, wakanionyesha, nikafunua vifuniko vya sufuria vyote. Mnanijua.

Tuliporudi mkekani, Bi Mwanaisha akakaa karibu nami kabisa. Akaweka mkono wake juu ya goti langu. "Basi," akasema, "mwamuonaje mtoto wetu?"

"Huyu?" nikasema, na mdomo umejaa bokoboko. "Huyu ningemchukua hata leo nikaenda naye nyumbani."

Wakapiga vigelegele.

Vigelegele, jamani. Watano kwa pamoja, dari ikatikisika. Majirani wakajibu kutoka juu ya mapaa. Nikapunga mkono. Moyoni nilisema hawa watu wanajua kumthamini mteja, kule kwetu ukisifu chapati mhudumu anakuuliza kama umemaliza apanguse meza.

Bi Mwanaisha akaniuliza kama bwana wangu naye ataridhia. Nikamwambia nyumbani kwetu nikisema ndiyo mimi, na yeye ameshasema ndiyo, ila hajaambiwa tu. Wakapenda hilo sana. Ndipo yule bibi akabadilika uso, akaongea polepole. Akasema wao wana neno moja tu. Salma amepata nafasi chuo cha ualimu Mombasa. Yeye bibi mtu anataka mjukuu wake amalize kusoma kwanza, miaka yote, ndipo mambo mengine yafuate. Lakini amesikia kwamba sisi hatutaki hivyo. (Sisi watu wa bara, nilidhani.)

Nikaweka tonge chini.

Nataka mnielewe. Mimi ni mwalimu. Nimeona wasichana wangapi wenye akili wakiishia kupikia watu kwa sababu kuna mtu alisema masomo yatangoja? Nikamuuliza nani amesema hatutaki. Nikasema aende chuo, tena aende kesho. Amalize chote. Na mtu yeyote atakayemwambia aache kitabu ashike mwiko, aletwe kwangu mimi. Nilisema kwa sauti ile ya gwaride la Jumatatu. Salma alikuwa amesimama mlangoni na sinia la halua. Akaliweka chini, akajifunika uso, akalia.

Vigelegele tena. Vya sasa vilifika Manda, nina hakika.

Na hapo, vigelegele vikiwa bado hewani na mimi nimelirudia tonge langu, mlango wa nje ukagongwa, wakaingia wanawake wanne wenye masinia yaliyofunikwa vitambaa vya dhahabu. Mbele yao mama mnene, buibui jeusi zuri, uso wa kwetu kabisa. Akatoa salamu. Akatazama sahani. Akanitazama mimi, kikuba kifuani, mafuta ya samaki mpaka kwenye kidevu.

"Mimi ni Khadija, shangazi yake Bakari, kutoka Kililana," akasema. "Tumekuja kwa ile posa. Na huyu aliyekaa mahali pangu ni nani?"

Wote walinigeukia. Nikameza. Tonge lilishuka kama jiwe la kusagia.

Mnaona sasa? Haikuwa nyumba ya kulia chakula. Familia hii ilikuwa inangoja ugeni wa kumposa Salma, na shangazi wa mposaji alikuwa mtu wa bara aliyesilimu na kuolewa huku miaka mingi iliyopita. Hawakuwahi kumwona, walijua tu kwamba ni Mkikuyu. Nami nikafika saa ileile, na lafudhi yangu ya Limuru ambayo mnaicheka kila siku. Kofia iliyowafurahisha walidhani ni ya bwana arusi. Na mimi, mke wa mtu, nimeketi kwenye mto wa heshima, nimekosoa wali wa mchumba, nimefunua sufuria za watu, nimeposa, na nimekubali masharti. Kwa niaba ya ukoo nisioujua.

Nikatamani sakafu ifunguke. Haikufunguka, nyumba za huku ni za mawe.

Bi Khadija akaniuliza kwa Kikuyu, taratibu, mimi ni wa wapi na nimetumwa na nani. Nikamjibu kwamba ni wa Limuru na nimetumwa na njaa. Mmoja wa wale watano akaanza kucheka ndani ya mtandio. Wakamweleza Bi Khadija yote yaliyosemwa, na lilipofika suala la chuo akakunja uso. Akasema hilo hawakukubaliana. Wao wanataka harusi mwezi ujao na binti ahamie Kililana, kuna shamba, kuna kazi. Akanigeukia, akasema kwa adabu kabisa kwamba kwa kuwa mimi si mtu wa posa, nisimame mbele ya wote niyafute maneno yangu.

Nikasimama. Salma alikuwa bado mlangoni, hina yote imelowa machozi, ananitazama.

"Naomba radhi kwa samaki," nikasema. "Naomba radhi kwa mto, kwa udi, kwa kikuba na kwa sufuria. Lakini neno la kusoma silifuti. Nililisema kwa makosa ya nyumba, si kwa makosa ya kichwa."

Nikakaa. Nikavuta halua. (Nimeshaumbuka, nile niache?)

Bi Mwanaisha akavua miwani, akaifuta kwa upole kama mtu mwenye siku nzima. Akamwambia Bi Khadija kwamba mtaa mzima umesikia vigelegele mara mbili. Mpaka sasa majirani wote wanajua posa imekubaliwa na binti anakwenda chuo. "Nitoke nikawambie nini?" akauliza. "Kwamba tulimpigia mtalii?"

Bi Khadija akatoa simu, akampigia Bakari mwenyewe. Tulisikia sauti ya kijana, imejaa furaha, ikimwambia kwamba yeye alishasema tangu mwanzo atangoja, ila hakuna aliyemuuliza. Bi Khadija akakata simu. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka masinia yakalia. Akanisukuma kidogo, akakaa nami kwenye mto uleule, akaomba aletewe samaki.

Samaki alikuwa amekwisha. Hilo nalo nimeliomba radhi.

Nilipotoka nilimkuta Baba Ciku nyumba ya tatu kutoka pale, barazani kwa Bi Rukia. (Rukia! Ndilo jina.) Kofia mbichi kichwani, ameshakula chakula chake na changu. Nikamuuliza hakunitafuta? Akasema alisikia vigelegele, akamuuliza Bi Rukia kuna nini, akaambiwa wenzao wanaposewa, basi akasema hongera zao na kuomba wali zaidi. Nilipomsimulia alicheka mpaka akashikilia ukuta. Bado anacheka. Namsikia kutoka hapa chumbani, anatafuta namba zenu.

Basi chekeni naye, sitawazuia. Salma anaanza chuo Septemba na harusi, akishamaliza, nimealikwa, tena upande wa bwana arusi. Ninyi mnaojua kuuliza njia, mmeshamposea nani?