Programu Isiyomjua Mwenyekiti

Ofisi ya Mtaa wa Mlendani,
Dodoma,
Agosti 2003.

Kwa Waandishi wa Programu Huria ya Kutazama Picha,
Popote mlipo.

Ndugu Waandishi,

YAH: PROGRAMU YENU KUMVUNJIA HESHIMA MWENYEKITI

Poleni na baridi ya huko. Tunaambiwa ndiyo inayowafungia ndani mpaka mnaandika programu na kuwagawia watu msiowajua. Sisi hatujambo, isipokuwa makoo, maana vumbi la mwezi huu halichagui cheo.

Nakwenda moja kwa moja kwenye shauri lenyewe. Hapa mtaani tuna mama mmoja, Bi Mwanaharusi, muuza vitumbua wa sokoni Majengo. Mwanawe Abuu aliondoka kwenda Afrika Kusini hajaota ndevu, na tangu hapo mama amekuwa akiambulia habari za kusikia tu, mara yupo, mara amefia mgodini. Juzi juzi msafiri akamletea disketi, akamwambia ndani yake mna picha ya Abuu, yu hai na mzima. Bi Mwanaharusi hana kompyuta. Mtaa unayo, tuliyopewa na wafadhili, ila ilikuja bila programu ya kutazama picha. Fundi wao, Bwana Kristofa, akatuachia ya kwenu kwenye sidii, akasema ni amri tatu tu, hata chai haitapoa. Mama akaketi kwenye benchi la ofisi kusubiri. Mpaka leo anasubiri. Malalamiko yetu ni haya:

1. Mmetuletea programu mbichi. Tulitegemea kitu cha kubonyeza, tukakuta maandishi, kurasa kwa kurasa, eti mashine iyasome kwanza ndipo yawe programu. Mtu akikukaribisha ugali hakupi gunia la uwele akakuonyesha njia ya kwenda mashineni. Isitoshe, ni ya bure. Tangu soko huria lije tumefundishwa kuchangia maji, kuchangia dawa, kuchangia dawati la mtoto. Serikali yenyewe imeacha kutoa vya bure, ninyi ni nani? Wajumbe wenye asili ya Kongwa walikumbusha kwamba wageni waliwahi kuja kule na matrekta kulima karanga, na wenyeji wakabaki na vyuma.

2. Mmeandika kwamba mtu yeyote ana ruhusa ya kuyasoma maandishi hayo, kuyarekebisha na kuyasambaza. Ndugu zangu, mlijua mnachokifanya? Hapa kwetu andiko likishasemwa kuwa linaweza kurekebishwa, linakwenda kikaoni. Iliundwa kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, maandishi yakachapwa na kusomwa kwa sauti, mstari kwa mstari. Tulisikitika kukuta hayana hata salamu. Mnaanza kuamrisha tu, fanya hiki, rudisha kile, kama mgambo anayefukuza wamachinga. Tuliongeza salamu za ufunguzi, na kila penye amri tukatia neno "tafadhali".

3. Mabano. Mwalimu mstaafu Violeth, ambaye amesahihisha insha za nusu ya mji huu, anasema hajapata kuona watu wazima wakifungua na kufunga mabano kwa fujo kiasi hicho. Aliyapunguza kwa kalamu nyekundu. Nukta-mkato aliziacha chache, kwa kuwahurumia.

4. Katika orodha ya waliochangia kazi hiyo hamna hata mtu mmoja wa Dodoma. Hilo nalo tulilirekebisha. Mstari wa tatu tulimweka Mwenyekiti wetu, Mzee Swalihu, akifuatiwa na wajumbe kwa vyeo vyao. Ubishi wa nani amtangulie nani ulikula vikao kadhaa, na Mweka Hazina Mustapha mpaka sasa hasemi na Mwalimu. Viburudisho vilikuwa vitumbua vya Bi Mwanaharusi. Alivileta mwenyewe kila asubuhi, akiuliza, "Mwanangu bado hajatoka?" Tukamjibu kuwa mchakato unaendelea vizuri.

5. Hapa ndipo roho inaponiuma. Siku ya uzinduzi, mbele ya mgeni rasmi na utepe wake, Mwenyekiti alibonyeza kitufe ili programu ijengwe. Mashine ikatapika Kiingereza. Bwana Kristofa, kwa kusitasita, akatafsiri: kosa, mstari wa tatu, Swalihu hajulikani. Hajulikani! Mtu aliyeongoza mtaa huu tangu enzi za chama kimoja, aliyezika watu, aliyeozesha, aliyesuluhisha kesi za mipaka ya viwanja, leo anaambiwa na kitu cha bure kwamba hajulikani, tena ni kosa! Mgeni rasmi alikohoa. Tukadhani labda ni suala la utambulisho, tukaingiza wasifu wake kamili, pamoja na majina ya wakeze na watoto. Makosa yakaongezeka, na safari hii familia nzima imo.

6. Bwana Kristofa alishauri tufute yote tuliyoongeza, tuirudishe kama mlivyoileta. Tulimweleza kwamba maazimio ya kikao hayafutwi na fundi. Kwa hiyo aliyebaki kuteseka kwa ukaidi wa programu yenu ni yule mama. Macho yake yako mlangoni tangu asubuhi, na kila mlio wa mashine humfanya asimame, halafu aketi tena. Kweli hamna mama ninyi?

Basi tunataka mambo haya yatekelezwe bila visingizio. Programu imtambue Mwenyekiti, na ikiwezekana isimame anapoingia. Kuanzia sasa, mtu yeyote duniani anayetaka kuandika programu itakayofika Mlendani alete kwanza muhtasari ofisini, tuujadili kabla hajaanza kufikiri. Mwisho, mtume ujumbe wenu hapa uombe radhi hadharani, nasi tutatafuta viti.

Wasalimieni wazazi wenu, wake zenu na majirani, na hasa yule mwenzenu ambaye kwenye orodha ya waliochangia anatia saini kwa jina moja tu, bila jina la baba yake; mwambieni tunamwombea. Wajumbe wote wanawasalimu, isipokuwa Mwenyekiti, ambaye bado anangoja kujulikana.

Ni mimi katika kulitumikia Taifa,

Batholomeo Ndahani,
Katibu wa Kamati.

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta gundi ya bahasha aliingia mtu mwenye begi na ndevu. Akatutolea shikamoo, akamuulizia Bi Mwanaharusi, aliyekuwa ametoka kidogo kwenda kuswali. Mwenyekiti akamtaka ajieleze. Akasema yeye ndiye Abuu, yule wa kwenye picha. Mwenyekiti akamfahamisha kwa upole kwamba ofisi haina namna ya kuthibitisha jambo hilo mpaka programu ikamilike, akamwonyesha nafasi kwenye benchi. Naye akaketi. Mama aliporudi alimwona kutoka mlangoni. Hakuuliza kitu. Alimshika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, na mimi nilijikuta nimegeukia ukutani. Kwa hiyo, Ndugu Waandishi, programu haina haraka tena. Walipokuwa wanatoka, Mwenyekiti alimkumbusha Bi Mwanaharusi kwamba disketi yake ya picha bado iko kwetu. Akajibu, bila kugeuka, kwamba hiyo tubaki nayo wenyewe, tuendelee kuijadili. Mwenyekiti ameniagiza niandike kuwa wazo hilo limepokelewa.