Siku Mama Mkwe Alipookota Mpira

Leo sina uso, wenzangu. Nimemfokea mama mkwe wangu mbele ya watu. Nimeanguka mbele ya watu hao hao. Na nimemharibia kazi mwanamke ambaye kiangazi chote nimetembea nyuma yake. Yote hayo kabla ya chakula cha mchana. (Naanza na hilo la mkwe kwa sababu najua ndilo mtakalolisikia kwanza Jumapili nje ya kanisa. Afadhali mlisikie kwangu.)

Bibi Elsa mnamjua, mke wa yule bwana anayepima mto. Wengi mnadhani anapiga kile kimpira chake kwa kujifurahisha tu. Sivyo. Kwao kuna wanawake ambao gofu ndiyo kazi yao. Wanatoka mji hadi mji, wanashindana, wanalipwa, na msimu ukiisha aliyepiga mapigo machache kuliko wote ndiye mkubwa wao. Bibi Elsa alikuwa mmoja wao kabla ya kuolewa. Huku wapo wawili tu wa namna hiyo, yeye na Bibi Dora anayefundisha mchezo huo Dar es Salaam. Mwaka huu wakakubaliana wawe na msimu wao wenyewe. Walianza Dar es Salaam, wakaja Morogoro, wakaja Kilosa, na leo wamemalizia hapa kwetu Ifakara. Mapigo ya sehemu zote yanajumlishwa. Mshindi amealikwa Nairobi mwakani, kucheza na wanawake wa kulipwa watakaotoka Ulaya.

Kote huko mfuko wa fimbo nimebeba mimi. Na Bibi Elsa alikuwa ameshaniahidi kwamba akienda Nairobi, nakwenda naye.

Sasa mimi ni mke wa mtu. Apolinari hakunikatalia, lakini alisema hawezi kusema ndiyo mpaka mama yake aseme. Na mama yake, huko Lupiro, alikuwa ameshasikia mengi. Kwamba mkwe wake anazunguka nchi na gunia la vijiti begani. Kwamba mwaka wa tatu huu hajazaa, na atazaaje mtu asiyekaa nyumbani. Basi akatuma neno kwamba anakuja kuiona hiyo kazi kwa macho yake.

Asubuhi amevuka mto kwa pantoni, amefika na kuku mmoja na kikapu cha mchele mpya. Nikapiga goti, nikampa shikamoo, nikampokea mzigo. Akaitika marahaba, akaniangalia viatu. (Bibi Elsa alinipa viatu vyake vya zamani vyenye misumari chini ili nisiteleze. Mama mkwe alidhani nimeviiba kwa mwashi.) Alikunywa uji, akajifunga kitenge vizuri, akasema twende.

Uwanja wenyewe mnaujua, ni ile mbuga kando ya mto ambako majani yamekatwa. Kwenye kila shimo kuna mchanga wa mtoni uliomwagiwa oili chafu na kushindiliwa, maana majani laini kama ya Ulaya hapa hayaoti. Leo walikuja watu wengi. Wazungu wa mashamba ya mkonge na wake zao, mabwana wa boma, masista wawili, na watu wetu wa Mlabani waliokuja kuangalia tu. Mama nilimsimamisha penye kivuli karibu na shimo la mwisho, nikamwomba asubiri hapo, tutamfikia.

Niwaambie ukweli, leo Bibi Elsa alicheza kama ambavyo sijawahi kumwona akicheza. Kilosa alikuwa ameachwa nyuma. Leo asubuhi akaanza kuyarudisha mapigo aliyoachwa, moja moja, bila kuongea. Mimi kazi yangu ni kumpa fimbo, kuufuta mpira matope, kuangalia unapoangukia, na kunyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kwangu, mnanijua, lakini leo nilikuwa kama mtu aliye kwenye misa. Tulipofika shimo la mwisho walikuwa sawasawa. Msimu mzima, miji yote ile, umekuja kukalia shimo moja la Ifakara.

Bibi Dora akapiga kwanza. Kisha Bibi Elsa. Mipira yote miwili ikaenda upande wa kulia, kwenye majani marefu ambako viboko hupita usiku wakitoka mtoni. Na hapo jua likaniingia machoni. Sikuona wala mmoja ulipoangukia. Nikasema moyoni, si kitu, nitautafuta.

Tulipokaribia nikamwona mama. Alikuwa ameondoka pale kivulini. Alikuwa ameinama majanini, na aliponyanyuka alikuwa na mpira mkononi. Akawa anaufuta kwa pindo la kitenge chake, taratibu, kama mtu anayefuta yai la kumpelekea mgonjwa. Kisha akauweka kwenye viganja viwili na kuanza kuja kwetu. Ameona kitu cha mtu kimepotea, amekiokota, anakileta kwa adabu.

Mimi nilichojua ni kwamba mpira hauguswi. Hilo ndilo la kwanza nililofundishwa. Sikufikiri ni wa nani, sikufikiri anayeushika ni nani. Nikapiga kelele.

"Wewe mama! Weka chini! Weka chini hapo hapo!"

Wenzangu, nilisema *wewe mama*. Kwa mama mkwe. Kwa sauti ya kufukuza ndege mpungani. Mbuga yote ikageuka. Sista mmoja akashika msalaba wake. Mama akasimama, viganja bado vimenyooshwa, na usoni mwake sikuona hasira. Niliona mtu aliyefedheheshwa ugenini na hajui amekosa nini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa hivi.

Nikakimbia kwenda kwake. Sijui nilitaka kumwomba radhi au kumnyang'anya mpira, labda vyote viwili. Sikufika. Kiboko alikuwa ameacha shimo la mguu wake kwenye tope, tope limekauka, majani yamelifunika. Mguu wangu ukaingia wote. Mfuko ukaruka, fimbo zikatawanyika, na mimi nikazunguka nikakaa chini kwa kishindo. (Kitenge kilibaki mahali pake. Namshukuru Mungu kwa hilo.)

Na nilipokaa, nilikaa juu ya kitu. Kigumu, cha mviringo.

Nilijua papo hapo. Msimu mzima nimekifuta kitu kile. Nikapeleka mkono chini polepole, nikajiinua kidogo, nikachungulia, nikaiona ile alama ya kalamu nyekundu ambayo Bibi Elsa huiweka kwenye mipira yake. Ndiyo. Ule aliouokota mama ulikuwa wa Bibi Dora. Wa kwetu nilikuwa nimeukalia mimi, na nilikuwa nimeusogeza.

Hakuna aliyekuwa ameona. Wote walikuwa bado mbali, majani ni marefu. Ningeweza kuinuka, kujikung'uta, na kusema Bibi, nimeupata, huu hapa. Nisingesema hata uongo. Nilipoinua macho mama alikuwa ameshafika, amesimama juu yangu, anaangalia mkono wangu ulipo. Yeye hajui gofu. Lakini uso wa mtu anayetaka kuficha kitu anaujua.

Sitasema nilisema kwa sababu yake. Nisingependa iwe hivyo. Ila nilisema.

"Bibi, nimeukalia mpira wako."

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu aliyekuja kuwa mwamuzi. Akaja, akaangalia, akauliza maswali, Bibi Elsa akawa ananitafsiria kwa Kiswahili chake kisicho na haraka. Mwamuzi akasema yule mama ni mtu wa nje, ni mtazamaji tu, hivyo mpira wa Bibi Dora unarudishwa ulipokuwa na hakuna kosa kwa mtu yeyote. Yaani nilimfokea mkwe wangu bure. Kisha akanigeukia mimi. Mbeba fimbo, akasema, si mtu wa nje. Ni kama mkono wa mchezaji mwenyewe. Akisogeza mpira, mchezaji ndiye ameusogeza. Bibi Elsa akaongezewa pigo moja.

Wakamalizia. Bibi Dora alipiga vizuri, Bibi Elsa naye alipiga vizuri, na tulipohesabu Bibi Elsa alikuwa ameshindwa kwa pigo moja.

Watu walipiga makofi. Wale wawili wakakumbatiana. Kisha Bibi Elsa akaenda kukaa peke yake kwenye nyasi, ametugeuzia mgongo, na kwa muda mrefu hakugeuka. Mimi nilikuwa nakusanya fimbo moja moja, nazifuta zote, hata zile safi. Sikuwa na kingine cha kufanya kwa mikono yangu. Mama akaja, akanigeuza, akaanza kunipangusa tope mgongoni na huko kwingine, mbele ya watu wote, kana kwamba nina miaka minne. Nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu viatu vilikuwa vimeshatosha kumshangaza.

Bibi Elsa alipokuja macho yake yalikuwa mekundu. Hakunigombeza. Alisema mume wake bado ana kazi ya kupima mto, hawaondoki. Alisema mwakani kiangazi ataanza upya na Dar es Salaam, na kwamba angependa nimbebee mfuko. Nilimwangalia mama, mama akaangalia mto.

Njia nzima ya kurudi tulitembea yeye mbele mimi nyuma. Tulipofika nyumbani nikapiga goti nikamwomba radhi. Nilimweleza nilidhani nini, na kwamba sikumkusudia yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho. Apolinari alikuwa amesimama mlangoni na yule kuku mkononi, hajui amchinje au asubiri.

"Hilo pigo moja," mama akasema. "Ndilo lililomnyima safari?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye hakukosea popote?"

"Hakukosea, mama. Nilikosea mimi."

Akafungua ncha ya kitenge, akaifunga tena.

"Basi mwakani utakwenda naye," akasema. "Huwezi kumvurugia mwenzio kazi namna hiyo halafu ukakae jikoni kwako umetulia. Apolinari, mkeo atakwenda. Na huyo kuku unamshikia nini?"

Hayo ndiyo yaliyonipata. Yeye amekula vizuri, amepumzika, na sasa hivi anamweleza jirani kwamba mwamuzi wa Kizungu aliamua yeye hana kosa. Mimi nimekuja kwenu mara moja kuomba kitu kimoja tu. Chekeni leo mmalize, kwa sababu kesho tutakuwa wote kisimani, na mtu akikichungulia kigoda kama kina mpira kabla ya kunikaribisha, nitajua ananicheka.