Nilivyowaandalia Wapiga Mbizi Joto

Ijumaa, 15 Agosti
Kapteni Orvokki wa chama cha wapiga mbizi ametangaza: Jumapili wanashuka kwenye meli ya mvuke iliyozama karibu na kisiwa chetu hapa Ufini. Mita sitini, giza tupu, maji ya kugandisha mifupa. Kijana atakayewafaa siku hiyo ataanza mafunzo ya kuzamia. Mmoja tu! Tumejitokeza wawili: mimi, niliyesoma kila kitabu cha maktaba kuhusu meli hiyo, na Eemeli wa darasani kwetu, ambaye hajamaliza kusoma hata boksi la uji. Nimemhurumia. Kidogo.

Jumamosi, 16 Agosti
Nilikwenda gatini kumweleza Kapteni habari za boila za meli. Nikafungua kinywa. Sauti ikagoma. Nikapiga chafya, nikaondoka. Eemeli alikuwa anabeba mitungi ya gesi huku akipiga mbinja. Punda naye hubeba! Akaniuliza, "Vipi, Profesa, leo umemeza kamusi?" Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nafikiri. Mpango mpya, usiohitaji maneno: Mfini gani atakataa sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke? Nitaikoka ile ya kisiwani mpaka mawe yake yaive kwa moto.

Jumapili, 17 Agosti
Nimekoka tangu alfajiri. Joto la kuunguza nyusi! Nikaning'iniza na matawi mabichi ya kujichapia humo ndani. Wapiga mbizi wakaibuka, midomo ya buluu, meno yakigongana. Nikanong'ona kwamba sauna iko tayari.

Kapteni akanikodolea macho. "We mtoto, unataka kutuzika? Mtu katoka mita sitini, damu imejaa gesi, umtie motoni? Si atafoka kama soda iliyotikiswa!" Akauliza kama kweli nasoma vitabu. Nasoma! Sura ya gesi na joto naikumbuka vizuri. Nilidhani wamewaandikia watu wa nchi zisizo na sauna.

Eemeli akagawa mablanketi na juisi ya beri, vuguvugu. Nafasi kapewa yeye. Kwa juisi!

Jumatatu, 18 Agosti
Shuleni Eemeli anatembea kama admirali. Kapteni kaniambia naruhusiwa kuja Jumapili ijayo, ila nikae tu, nisiguse kitu. Nimelitafuta kosa langu kwa uaminifu. Sijaliona. Wao ndio hawakusema mapema kwamba joto hawalitaki. Basi sawa. Nimeshazungumza na wavuvi. Wakiibuka safari hii, watalikuta pipa zima la barafu.