Dhahabu ya Kusaka Uvimbe Wangu

Jumatatu, 3 Machi 1997

Uvimbe wangu chini ya taya umefikia ukubwa wa njugu. Daktari anataka nifike Ijumaa akate kipande kikapimwe kama ni saratani. Kisu sikitaki. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na moja. Nina njia nyingine. Jarida moja lasema watafiti ng'ambo wanajaribu kusaka seli zenye ugonjwa kwa chembe za dhahabu, ndogo mno, maelfu yake yakipangwa foleni hayazidi upana wa unywele. Nikamweleza mke wangu Roda, polepole. Akauliza wamepona wangapi. Nikasema utafiti unaendelea. Akasema hata maharagwe yake yanaendelea, nimpishe jikoni.

Jumanne, 4 Machi

Pascalia huchuja dhahabu mtoni, chini ya mgodi wa zamani. Kanipa kipande kama kichwa cha kiberiti kwa debe la mahindi. Akauliza, mzee, pete ni ya bibi wa pili? Nikasema nitaisaga. Akacheka mpaka karai likamponyoka. Dhahabu haisagiki, mwalimu, inalala tu. Mwanawe nilimfundisha mimi!

Nimetwanga tangu saa nane. Imelala. Bapa, kama gamba la samaki. Nimekumbuka somo la kidato cha pili: dhahabu hufulika ikawa bamba, haivunjiki. Nililifundisha kila mwaka, kwa mchoro.

Jumatano, 5 Machi

Niliacha bapa kwenye sahani uani, nikaenda kutafuta tupa. Kuku mwekundu akalidonoa. Limekwenda. Roda akakataa kuku achinjwe, anataga.

Jirani Masinde, mfunga vidonda mstaafu anayejiona daktari, aliyaona yote. Akasema heri kuku, hana saratani na dawa ameshapata. Kisha akaacha kucheka. Kaka yake naye aliahirisha, walimzika Desemba. Ijumaa atanisindikiza. Nikamwambia njia naijua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi kutoka sokoni, wazee wa kanisa wamekuja kuniombea, Masinde yuko nao. Kuku mwekundu yuko sufuriani.

Firigisi ni ya mwenye boma, kila mtu anajua. Roda akaiweka kwenye sahani ya Masinde, mbele ya wazee wote. Wakatazama obusuma, ugali wao. Akasema firigisi ni ya mwanamume asiyeogopa hospitali. Aibu niliimeza. Nikauliza tu uchafu uliotoka ndani yake umetupwa wapi. Jaani.

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili Roda na Masinde walikuwa tayari mlangoni. Nikaomba dakika tano. Saa sita bado nachekecha majivu ya jaa. Wakaenda wenyewe kuniombea tarehe nyingine. Nafasi ya karibu: Aprili ishirini na tano. Wiki saba. Leo kifungo cha kola kimekataa kufika tunduni.

Roda amekaa kizingitini, leso usoni. Nimemweleza, polepole, kwamba kosa lilikuwa ni kuchagua madini yasiyofaa. Ukurasa wa kumi na tisa wa lile jarida unataja chembe za chuma, zinazovutwa kwa sumaku mpaka penye ugonjwa. Na chuma kikishika kutu husagika bila taabu.

Nimeshalowesha jembe.