Mbio Akimbie Yeye, Miguu Itumike Yangu

Ndugu Kocha wa Klabu ya Mbio,

Salamu nyingi. Hapa nyumbani tu wazima, ukiondoa mapaja ya binti yangu, fundi cherehani, ambayo habari zake unazo.

Nakuandikia kama mtu aliyeonja mambo haya. Ujanani nilikuwa kwenye marathoni, na kuanzia mwanzo hadi mwisho hakuna mkimbiaji aliyenipita. Haya, nilikuwa juu ya lori la kugawa maji. Lakini hakuna aliyenipita.

Tangu binti amalize zile kilomita arobaini na mbili, umemwamuru apumzishe mwili. Sipingi mtu kupumzika. Kazi hiyo naifanya mwenyewe tangu nistaafu. Ninachopinga ni mapumziko yanayochosha wengine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Barafu. Ulimshauri akae kwenye maji baridi. Chombo pekee kinachomtosha ni beseni la kufulia, na barafu ya karibu ni ya muuza samaki. Mtu mzima anakaa humo anang'ata taulo, na paka wa mtaa wamejipanga mlangoni kama wagonjwa zahanati. Shati langu limefuliwa beseni hilohilo. Juzi kinyozi kanusa, kaniuliza kama siku hizi nauza kwa kilo au kwa fungu.

2. Ngazi. Tunakaa ghorofa ya pili, na binti anashuka kinyumenyume kwa sababu kwa mbele mapaja yanagoma. Jirani wa chini, mama anayependa heshima, alikuwa anapanda. Akaja kwangu amefura: "Mzee, binti yako siku hizi anasalimia watu kwa makalio?" Nikamjibu ndiyo elimu ya siku hizi. Hajanisemesha tena.

3. Ukuta. Ulisema alale miguu ikiwa juu. Ukuta usio na kabati ni wa chumbani kwangu. Kwa hiyo kila alasiri mimi nakaa kwenye stuli, naangalia kitanda changu kikipumzika na mtu mwingine.

4. Chakula. Eti ale arudishe nguvu. Kocha, nguvu zilisharudi, na zimekuja na wageni.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Cherehani yetu ni ya kukanyaga. Sare za shule zimejaa mpaka dirishani, na fundi hawezi kukanyaga. Basi yeye anakaa juu kwenye kiti na kitambaa chake, mimi ubavuni kwenye stuli, miguu yangu kwenye pedali. "Baba, taratibu, kola hiyo!" "Baba, ongeza, hapa ni mshono mrefu!" "Baba, umelala?" Umri huu nimegeuzwa mota.

Sasa nisaidie hesabu. Anayekimbia hupumzishwa. Mimi ninayempumzisha nachoka. Nitahitaji wa kunikanyagia. Nimemfikiria yule jirani. Naye akichoka atatafuta wake, na ugonjwa utashuka ngazi mpaka barabarani. Mwisho mtaa mzima utakuwa umelala miguu ukutani kwa ajili ya mbio za mtu mmoja, na atakayebaki amesimama ni wewe. Cherehani zote zitakungoja.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, upige marufuku mapumziko. Aliyejitakia kukimbia aendelee tu. Au la, nipewe medali, maana pedali hiyo nimeikanyaga mbali kuliko alikofika yeye.

Wasalimie wakimbiaji wote, pamoja na wale wanaotembea kwenye kona wakidhani hawaonekani.

Ni mimi, mwenye miguu ya kuazimwa,
Baba wa Fundi

Nyongeza: Nasikia umemwambia aanze tena mazoezi Jumatatu. Kabla ya haya yote alikuwa akitoka alfajiri, akirudi anainamia kazi, nami naishi na kisogo chake. Sasa tunashona kichwa kwa kichwa. Ananisimulia mambo ambayo hakuwa ameyatoa mdomoni tangu mama yake atutoke. Jana alicheka mpaka uzi ukakatika.

Unakumbuka asubuhi ya mashindano, soli yako ilipoachama kama mdomo wa kiboko? Nilikushonea wewe ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, ukaapa: "Mzee, fadhila hii nitairudisha." Basi irudishe. Mwambie mapaja bado hayajakaa sawa, apumzike wiki moja zaidi.

Na usimwambie nani kakutuma.