Motokari ya Watu, Siyo ya Samaki

Jumatatu, 8 Juni

Vita vimeanza. Adui: harufu. Uwanja: motokari ya Baba, ambayo marehemu Mama aliitumia miaka mingi kubeba samaki kutoka Puta hadi soko la Nchelenge. Mama alituacha mwaka jana. Harufu haijaondoka.

Baba amesema wazi wakati wa chai. Nisipopata kazi ya kubeba watu kufikia Jumamosi, funguo zinaenda kwa Guylain, mpwa wa Mama, anayetaka kurudia biashara ya samaki. Guylain alikuwepo. Alikuwa akila mkate wetu. Akaniambia, "Chouchou, we uko mutu ya masomo. Bintu ya samaki utuachie siye."

Masomo! Nina diploma ya ualimu na sina darasa. Bila motokari hii nitaanika chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, hadi nizeeke. Lakini mtu akifungua mlango tu, ameshanijua kabla sijasema neno: mtoto wa muuza samaki. Kwa nini pua ipewe haki ya kusema kabla ya mdomo? Nimelifikiria jambo hili hadi maharage yakaungua.

Baba ana tabia mpya. Kila asubuhi anakaa ndani ya motokari, vioo vimefungwa. Anasema anasikiliza redio. Redio ilikufa zamani. Wazee!

Jumanne, 9 Juni

Nafasi! Mama yake Febby, ambaye mtaa mzima unamwita Bana Febby kwa heshima ya Kibemba, anatafuta motokari ya Jumamosi. Ni siku ya amatebeto ya Febby: familia ya msichana inampikia mchumba na ndugu zake vyakula vya kila aina, kisha inawapelekea vyungu kwa nyimbo. Mchumba anakaa Kashikishi. Nitapita katikati ya mji nikiwa nimebeba heshima ya watu. Baba ataona.

Nilimhakikishia Bana Febby kwamba motokari ni safi. Alifungua mlango. Akaufunga. Akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mwana wandi, humu ndani samaki bado iko naongea." Atarudi kunusa Ijumaa. Akisikia samaki, wanawake watabeba vyungu vichwani.

Mchana nilisugua viti vyote kwa limau. Matokeo: sasa inanuka samaki aliyetiwa limau. Nilipata njaa.

Jumatano, 10 Juni

Nimetafakari. Harufu haielei hewani. Inaishi kwenye vitambaa. Basi niondoe vitambaa! Nilivua nguo zote za viti, nikaenda nazo ziwani, nikazifua hadi vidole vikafanya makunyanzi. Nikazitandaza kwenye mchanga safi, kwenye jua kali. Nikaenda kukaa kivulini kuwaza kuhusu maisha yangu.

Niliporudi, nguo za viti hazikuonekana. Zilikuwa zimefunikwa na chisense. Wabichi! Maelfu! Wanaometa!

Nilipiga kelele. Towela, mwanamke mwenye kambi ile ya kuanikia, alinishangaa kweli. Akaniuliza kitambaa safi kilichotandazwa mchangani saa ya mitumbwi kurudi ni cha kazi gani nyingine. Walidhani ni msaada wa kanisa. Walikuwa wamekwisha kuomba baraka juu ya aliyeleta. Nikaona aibu kukataa baraka. Tena wakiondolewa wakiwa wabichi, akasema, wataoza wote, na ni chakula cha watoto wake.

Kwa hiyo nilikaa pale hadi jioni. Nikigeuza chisense. Nikifukuza kunguru. Mimi, na diploma yangu. Towela alisema nina mkono mzuri, nimefanana na Rosalie. Hilo ni jina la Mama. Sikujua kama nimesifiwa.

Ijumaa, 12 Juni

USHINDI.

Jana nilifua tena na kujaza makaa chini ya viti, makaa mengi, mpaka nikafanana na muuza makaa. Leo nilipoyatoa niliinua pia gurudumu la akiba. Chini yake: kifurushi. Kikwembe cha Mama, kitenge kile cha bluu chenye ndege, kimefungwa fundo. Ndani yake chisense wa zamani, karibu unga.

Nilisimama kidogo na kifurushi mkononi. Fundo lilikuwa lake. Alikuwa akifunga mara mbili, na ya pili kwa meno.

Kisha nikakumbuka Bana Febby anakuja saa nane.

Chisense niliwapa bata wa jirani. Kikwembe nilikifua kwa sabuni ya unga mara tatu, nikakianika uani. Kwa usalama zaidi nilitawanya ndani ya motokari vile vidonge vyeupe ambavyo watu huweka kwenye masanduku ya nguo. Pakiti nzima. Nikafunga vioo.

Bana Febby alikuja, akaingiza kichwa, akanusa mbele, akanusa nyuma. Akapiga chafya. Akasema samaki amenyamaza. Kazi ni yangu! Guylain alikuwa amesimama barabarani akitazama. Nilimpungia mkono polepole.

Jumamosi, 13 Juni

Tulitoka na vyungu, nyimbo na vigelegele. Kuku, maharage, uyoga wa kukaushwa, kila kitu kimefungwa kwa vitambaa vyeupe. Febby mwenyewe alibaki nyumbani, kama desturi inavyotaka. Niliendesha kama nimebeba mayai. Watu walitazama! Hakuna hata mmoja aliyesema samaki.

Huko Kashikishi, mjomba wa mchumba alifunuliwa chungu cha kwanza. Akaonja kuku. Akatafuna polepole. Akamuuliza shangazi yake Febby, kwa adabu kubwa, kuku huyu alikuwa ametunzwa kwenye sanduku gani. Chungu cha pili, sanduku. Uyoga, sanduku. Chakula chote kilikuwa kimekunywa vidonge vyangu njiani.

Namshukuru Mungu mjomba yule ni mtu wa kucheka. Alitangaza kwamba ndoa hii haitaliwa na nondo kamwe. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bana Febby alicheka pia, lakini akiniangalia. Wakati wa kurudi alikaa nyuma, kioo wazi, hadi tulipofika. Hapo akasema, "Chouchou, mwana wandi, samaki ilikuwa nafuu."

Hata hivyo: nilipata kazi, nilibeba watu, na ni Jumamosi. Masharti yametimia. Funguo ni zangu.

Jumapili, 14 Juni

Baba aliingia kwenye motokari kabla ya kwenda kanisani. Akafunga vioo. Nilisubiri mlangoni anisifu. Alitoka mapema kuliko kawaida. Akaniuliza kiko wapi kile kifurushi chini ya gurudumu.

Nikamwonyesha kikwembe kwenye kamba, safi, ndege wanang'aa. Alikishika. Akakiweka puani. Akabaki hivyo.

Halafu akasema, bila ukali hata kidogo, "Kila asubuhi mi nilikuwa namusalimia Rosalie humu. Leo nimesalimia sabuni."

Kumbe hakukuwa na redio.

Mchana alimwita Guylain, akampa funguo. Akaniambia nilifanya kazi vizuri, sikukosa, lakini Guylain ataleta samaki, na harufu itarudi. Guylain hakucheka. Alizipokea funguo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Ningependelea angecheka.

Nimelia. Kwa ajili ya Baba, kwa ajili ya Mama, na kidogo kwa ajili ya motokari. Nilijaribu kuikumbuka harufu ile, nami sikuweza. Wiki nzima niliinusa kama adui. Sikuinusa hata mara moja kama mtu.

Jumatatu, 15 Juni

Nimeamka na akili nyepesi. Nimeelewa kila kitu.

Baba hahitaji motokari. Baba anahitaji harufu! Ni vitu viwili tofauti. Kwa nini mzee atoke kwenye baridi ya asubuhi kumsalimia Mama, wakati Mama anaweza kuletwa chumbani? Akishampata kitandani, hatakuwa na sababu ya kumwachia Guylain funguo.

Nimekwenda kwa Towela, nimerudi na ndoo. Iko chini ya kitanda cha Baba, nyuma ya viatu, imefunikwa kwa kile kikwembe. Dirisha nimeliziba kwa magazeti ili isipotee hata kidogo. Sijamwuliza. Nataka iwe zawadi.

Towela alitaka kunipa chisense waliokauka vizuri. Nilikataa. Nimechukua wabichi, ili wafanye kazi haraka.